Kabla ya Gundi

Kifaru cha plastiki cha kuunganisha kina saa yake nzuri kuliko zote, nayo si ile ya kukiweka kabatini kikiwa kimepakwa rangi na kupakazwa matope ya bandia. Ni saa ya kufungua boksi. Hapo kila kipande bado kiko peke yake na kila mshono uko wazi, na mtu anayejua kutazama anaweza kusoma, mmoja baada ya mwingine, uamuzi wa fundi aliyechonga kalibu. Gundi ikishaingia, uamuzi huo umefichwa. Rangi ikishakauka, hakuna anayeukumbuka tena.

Boksi lililo mezani kwangu Bukoba ni la Tamiya, kampuni ya mji wa Shizuoka, Japani. Ni kifaru aina ya T-55A kwa kipimo cha 1/35, toleo la mwaka 2002. Mpwa wangu alilileta kutoka ughaibuni pamoja na koleo dogo la kukatia, msasa laini na chupa ya gundi ambayo sijaifungua kwa makusudi. Kwingine boksi hili lingekuwa burudani tu ya mtu mwenye nafasi. Hapa Kagera umbo lake lina historia. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka yakaishika ardhi yetu hadi kingo za Mto Kagera, na tarehe 3 Novemba yakalilipua daraja la Kyaka. T-54 na T-55 zilikuwa miongoni mwa vifaru vya jeshi hilo. Jeshi letu la Wananchi (JWTZ) nalo lilikuwa na Type 59, ambayo ni T-54 iliyoundwa China. Pande zote mbili za mto, kwa hiyo, zilikuwa na mashine za ukoo mmoja. Mtoto wa leo wa Bukoba au Muleba amesikia habari zake kwa babu, lakini ni wachache waliowahi kukizunguka kifaru chenyewe na kukikagua kwa macho.

Tuanze na kifuniko. Mchoro wa juu unaonyesha kifaru kimoja katika uwanja mweupe, bila moshi, bila majengo yanayoungua, bila askari wanaokimbia. Ni desturi ya Tamiya ya miaka mingi, na ina adabu yake: anayenunua aone kilichomo ndani, asiuziwe vita ambavyo havimo. Mchoraji amenyimwa fujo zote za kumsaidia, akabaki na chuma na mwanga unaokiangukia. Anayechora kwa masharti hayo hana pa kujificha.

Ukiinua kifuniko, harufu ya plastiki mpya hukutangulia, kisha zinakuja fremu ndani ya mifuko yao. Kwa mtu wa hapa Buhaya fremu hazihitaji maelezo marefu: ni mkungu wa ndizi. Kuna shina linalopita katikati, kuna matawi, na vipande vimening'inia kwa vishingo vyembamba, kila kimoja na namba yake. Fremu zenyewe zimepewa herufi, na zile za magurudumu zimerudiwa, kwa sababu upande wa kulia na wa kushoto wa kifaru hiki unatumia magurudumu yale yale.

Mpangilio huo haukufanywa kwa ajili ya kupendeza. Kipande cha plastiki huzaliwa ndani ya kalibu ya chuma yenye nusu mbili zinazobanana. Polistirini huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 200, ikasukumwa kwa nguvu kubwa katika njia nyembamba, na lazima ifike kwenye pembe ya mwisho kabisa kabla haijapoa na kuganda. Shina na matawi ya fremu ndiyo njia hizo. Fundi akizipanga vibaya, kipande cha mbali kitatoka kimekosa ncha, au mikondo miwili ya plastiki itakutana ikiwa imekwisha kupoa na kuacha ufa usioonekana. Kwa hiyo hata vijiti ambavyo sisi tutavikata na kuvitupa vimebuniwa na mtu aliyekuna kichwa. Ukizungusha fremu taratibu chini ya taa ya meza, unaifuata plastiki ilikopita, kona kwa kona, kana kwamba bado inatiririka.

Kisha kuna vishingo. Tazama kila kimoja kimekishika kipande chake wapi. Fundi mzembe huweka shingo mahali popote panapomrahisishia, na mnunuzi ndiye anayekwangua kovu kwa msasa jioni nzima. Fundi mwenye huruma huiweka shingo kwenye ukingo utakaofunikwa na kipande kingine. Gurudumu litafunikwa ukingo wake na mnyororo, basi shingo hukaa pale mnyororo utakapopita. Ni huduma kwa mtu asiyemjua na hatamwona, inayofanywa ndani ya chuma kigumu miezi mingi kabla boksi halijafika dukani.

Kuna tatizo jingine ambalo kila mchonga kalibu hulala nalo. Nusu mbili za kalibu hufunguka kwa kuachana moja kwa moja, moja huku, nyingine kule. Kipande chochote chenye ndoana au tundu la pembeni kitang'ang'ania chuma na kukataa kutoka. Kwa sababu hiyo kuta za vipande hulazwa kidogo sana, zisisimame wima kabisa, ili plastiki iteleze. Gusa ubavu wa sanduku la vifaa lililo juu ya kifaru: macho yanasema uko wima, ila rula inaonyesha mteremko. Pale nusu mbili zilipokutana pamebaki mstari mwembamba kama unywele, na sehemu ya ndani ya vipande vikubwa ina viduara vidogo vilivyoachwa na pini zilizokisukuma kipande nje ya kalibu. Alama hizi haziepukiki. Ujuzi ni kuzipeleka mahali ambapo jicho halifiki. Nimevigeuza vipande vya boksi hili upande wa ndani na kuvikuta viduara vimejipanga kwa utulivu, huku nyuso za nje zikiwa safi. Kila alama iliyo ndani ni kasoro ambayo fundi aliibeba yeye mwenyewe ili mimi nisiibebe.

Ugumu zaidi uko kwenye hesabu. T-55 halisi ina urefu wa takriban mita 9 ukipima hadi ncha ya mzinga, na uzito wa tani 36. Ukigawanya urefu huo kwa 35, unapata kitu kisichofika sentimita 26, kinachokaa kwenye viganja viwili. Mtu wa urefu wa mita 1.75 anakuwa wa sentimita 5. Mpaka hapo hakuna shida. Lakini bati la kukinga matope juu ya minyororo, likiwa na unene wa milimita 2, linapaswa kubaki na chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Huo ni wembamba unaoshinda karatasi ya daftari, na hakuna plastiki inayoweza kusukumwa ndani ya upenyo huo ikatoka salama. Ukilitengeneza bati kwa milimita 1, umemtangazia mtazamaji kwamba kifaru kina bati la milimita 35. Fundi hufanya nini? Analiacha bati nene pale lisipoonekana, halafu anaunyoa ukingo wake wa nje kwa mshazari hadi uwe mkali. Jicho hupima unene kwa kutazama ukingo peke yake. Likiona ukingo mwembamba, linaamini kwamba bati lote ni jembamba. Ukipitisha kidole juu ya bati hili unaigundua hila hiyo mara moja, na ukiigundua unazidi kumheshimu aliyeifanya.

Nakiacha kwa makusudi mwisho kile kipande ninachokipenda kuliko vyote: kichwa cha kifaru, lile kuba linalobeba mzinga na kuzunguka. Katika T-55 halisi, kuba hilo ni chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa, wakati mwili wa chini umetengenezwa kwa mabamba bapa yaliyochomelewa. Chuma cha kumimina huwa na uso wenye vijipele na mawimbi ya mchanga wa kalibu yake. Bamba huwa laini. Mafundi wa Tamiya wameutofautisha uso wa hivi viwili ndani ya plastiki ya rangi moja. Ukilipapasa kuba kwa ncha ya kidole unasikia ukavu fulani, halafu ukihamia kwenye bamba la mbele kidole kinateleza. Fikiria mzunguko wenyewe: chuma cha kalibu kimechongwa ili plastiki iige ukali wa chuma kingine kilichomiminwa kiwandani miongo mingi iliyopita. Ukali huo ukizidi kidogo, kuba linakuwa kama ganda la chungwa. Ukipungua, linakuwa bakuli. Hapa umekaa mahali pake.

Nyuma ya kifaru kuna gogo. Ni gogo la kweli kwenye mashine halisi, hufungwa nyuma, na kifaru kikizama kwenye tope hufungwa kwenye minyororo ili kijivute chenyewe kutoka. Mtu anayeijua mvua ya Bukoba, mji ulio kati ya ile yenye mvua nyingi kuliko yote nchini, anaelewa mara moja kwa nini wabunifu wa Urusi hawakuliona gogo kuwa aibu. Kwenye fremu gogo hili ni kipande chembamba kuliko kidole, na limechorwa nyuzi za mti. Mchongaji aliyetoka kuiga chuma cha kumimina amelazimika kubadilisha mkono na kuiga mbao, kwa kifaa kile kile, katika chuma kile kile.

Minyororo yenyewe imekuja kama mikanda ya plastiki laini, kipande kimoja kila upande. Hapa boksi linamkabidhi mjengaji sehemu yake ya kazi. Kifaru cha ukoo huu kina magurudumu makubwa matano kila upande, na pengo kati ya la kwanza na la pili ni kubwa kuliko mengine. Ni alama ya kukitambulia hata kwenye picha mbovu. Hakina vigurudumu vidogo vya kuubeba mnyororo kwa juu, kwa hiyo uzito wa chuma huuvuta mnyororo hadi ukalala juu ya magurudumu, ukipanda na kushuka kama mawimbi madogo. Mkanda wa plastiki hauna uzito huo, nao hupenda kunyooka. Mjengaji mvumilivu huukandamiza juu ya gurudumu moja baada ya jingine, akaupa gundi, akausubiri ushike, ndipo anakwenda kwenye gurudumu linalofuata. Hakuna njia ya mkato, na kazi hii ndiyo inayomtenga aliyetazama picha za kifaru halisi na aliyetazama kijitabu cha maelekezo peke yake.

Ujuzi wa namna hii ulitoka wapi? Tamiya ilianzishwa mwaka 1946 na Yoshio Tamiya kama kampuni ya kupasua mbao. Kwanza iliuza modeli za mbao. Plastiki ilipoanza kuliteka soko, ikalazimika kujifunza upya, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, manowari Yamato, ambayo haikuiletea ushindi sokoni. Kilichoiokoa ni kifaru cha Kijerumani, Panther, kilichofuata muda mfupi baadaye kikiwa na mota ndani. Kipimo cha 1/35, ambacho sasa kinatumiwa na watengenezaji wa vifaru dunia nzima, hakikutoka kwenye kanuni ya wahandisi: ndio ukubwa uliowezesha betri na mota kuenea ndani ya Panther ile. Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwanzilishi, aliijenga kampuni juu ya tabia moja ya kupima vitu halisi. Walipotaka kutengeneza gari la Porsche la kuendeshwa kwa rimoti, lililotoka mwaka 1976, alinunua Porsche 911 nzima, wakaifungua kipande kwa kipande ili waijue. Kumbe kabla ya sisi kuunganisha, kuna aliyefungua. Boksi hili ni kumbukumbu ya kufungua huko, iliyopangwa vizuri ili mwingine aweze kurudi kwa njia ile ile.

Kusoma ufundi kwenye vipande si jambo geni kwetu. Septemba 1978, wiki chache kabla ya uvamizi, jarida la Science la Marekani lilichapisha makala ya Peter Schmidt na Donald Avery juu ya uyeyushaji wa chuma wa kale hapa Buhaya, kazi ya kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Hawakukuta tanuri zima lililosimama likiwangoja. Walikuta mashimo, mabonge ya takataka za chuma, na vipande vya mirija ya udongo iliyopitisha upepo wa mivukuto. Waliomba msaada wa wazee wa Kihaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo, wakajenga tanuri upya na kuliwasha. Kutokana na mirija iliyoungua walijenga hoja kwamba mafundi wale waliingiza mirija hadi ndani ya tanuri, ili upepo upate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Uamuzi wa mtu aliyekufa karne nyingi nyuma ulisomeka kwenye kigae. Myeyusha chuma wa kale wa Buhaya na mchonga kalibu wa Shizuoka wametenganishwa na kila kitu isipokuwa swali moja: kitu kilichoyeyuka utakiongozaje kifike unapotaka, katika hali unayotaka?

Ukipita Kemondo kwa barabara ya kwenda Muleba, unafika Kaboya, yalipo makaburi ya askari wetu wa vita dhidi ya Amin. Wamelazwa pale zaidi ya mia sita, na mwaka 2013 Siku ya Mashujaa iliadhimishwa kitaifa hapo. Mtu anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kama inafaa kukishangilia kifaru cha plastiki umbali mfupi kutoka pale. Jibu langu ni kwamba upole wa kazi hii unakikataa kile kinachotisha kwenye swali. Anayekimbiza kidoli cha kifaru sakafuni huku akiiga mlio wa mzinga ameiona silaha. Anayevipanga vipande anaona mahali pa watu. Dereva anaketi mbele kushoto, akilala karibu na bamba la mbele. Mpiga mzinga yuko kushoto kwa mzinga na kamanda nyuma yake. Mpakiaji yuko peke yake kulia, akiinua makombora ya karibu kilo 30 moja moja ndani ya kuba ambalo sasa unajua jinsi lilivyo jembamba, kwa sababu umelishika. Vipimo havisemi nani alikuwa na haki. Sisi tunajua, na Mwalimu Nyerere alishayasema ya sababu, nia na uwezo wa kumpiga Amin. Lakini vipimo vinakataa mtu kuvizungumzia vita kana kwamba vilipiganwa na mashine zisizo na watu.

Vipimo pia vinadai ukweli. Anayetaka kujenga kifaru cha JWTZ kilichovuka Kagera hawezi kulipaka boksi hili rangi na kulibandika bendera yetu. Type 59 inafuata T-54, na T-54 ina kifuniko cha feni kinachoonekana kama uyoga juu ya kuba, mbele upande wa kulia. T-55 haina. Kipande hicho, kikiwa kwenye modeli, hakifiki ukubwa wa kifungo cha shati, nacho kinaitofautisha T-55 ya aliyevamia na Type 59 ya aliyekuja kumtoa. Mwenye haraka atasema vyote ni vifaru. Mwenye subira atatafuta boksi sahihi, maana Type 59 nayo imeshatengenezwa na kampuni nyingine kwa kipimo hiki hiki.

Hilo la subira lina sababu za kawaida kabisa hapa Bukoba. Unyevu wa ziwa huichelewesha rangi, na siku za mvua ni nyingi. Msasa hutumika ukiwa na maji ili usikwaruze. Kipande hakinyofolewi kwenye shingo yake kwa mkono: hukatwa mbali kidogo kwanza, kisha karibu, kisha husuguliwa. Vipande vidogo hukatwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu kipande kikiruka kikaanguka kwenye zulia, umekipoteza. Kazi ya jioni moja hapa huchukua wiki, na hakuna hasara ndani yake.

Ndiyo maana mahali ninapotamani kuliona boksi kama hili ni kwenye meza ya karakana, mbele ya vijana wanaojifunza ufundi, kwa mfano pale Burugo kwenye chuo cha VETA cha mkoa wetu, kabla halijageuka pambo la kabati. Waligeuze, watafute mshono ulipo, wabishane kwa nini shingo iko huku na si kule, wapime unene wa bati na kulikamata jicho lao likidanganywa. Ndoo, beseni, kofia za chupa na viti vya plastiki vilivyojaa masoko ya Bukoba na Muleba vyote vilitoka kwenye kalibu za aina hii, na kila kimoja kina alama zile zile kwa anayejua pa kuzitafuta. Kijana anayeweza kuisoma fremu ya T-55 anaweza kulisoma beseni, na anayeweza kulisoma beseni hayuko mbali na kuichonga kalibu yake. Sharti ni moja tu: chupa ya gundi ibaki imefungwa mpaka wamalize kuuliza.